Mstari wa Kijani

Saa moja kasorobo asubuhi, sufuria ya pili ya maji ilianza kutokota jikoni kwa Mkemia. Ya kwanza ilikuwa imeshaepuliwa na kufunikwa kwa sinia. Mkewe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo mtaa wa pili kutoka hapo, alikuwa anasubiri kuinjika ya tatu, kwa sababu mumewe alikuwa ameagiza kwamba hata maji ya kupigia mswaki yachemshwe. Sababu hakuitoa. Alisema tu kwamba ni tahadhari ya kawaida, na mkewe, aliyemjua kama mtu asiyechukua tahadhari hata ya kubeba mwavuli, alichemsha na kusubiri aambiwe.

Jumatano hiyo aliambiwa, lakini kwa njia ya slaidi.

Mkemia alikuwa amekuja na projekta ya ofisini. Aliiweka juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi, akaondoa picha ya harusi ukutani ili pawe na nafasi, akafunga mapazia. Kesho yake alikuwa na zamu ya kuzungumza mbele ya bodi ya shirika la maji, na mwongozo wa ofisi uliagiza kila mwasilishaji afanye mazoezi mbele ya hadhira halisi. Hadhira ilikuwa mkewe, aliyesimama na mkoba begani, na mama mzazi wa Mkemia, karani mstaafu wa mahakama, aliyekaa kwenye kochi akiwa na kikombe cha chai na sura ya mtu aliyekwishasikia mashahidi wengi.

Slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya kiganja kilichokinga tone la maji. Ya pili ilikuwa nembo ya shirika. Ya tatu ilikuwa kiganja kile kile, safari hii kimekunjuliwa. Mama yake aliuliza kama mkono huo ni wa mtu anayefahamika. Mkemia akamwomba maswali yasubiri mwisho.

Slaidi ya nne ilikuwa na mchoro. Mstari mnene wa kijani ulianzia pembeni chini kushoto, ukatambaa kidogo, kisha ukapanda mpaka ukakaribia kutoka nje ya ukuta. Juu yake paliandikwa: Tangi la Juu – Tulikotoka, Tulipo, Tuendako.

"Huu mstari ni wa nini?" mkewe aliuliza.

"Vijidudu."

"Vijidudu vya nini?"

"Vya kinyesi."

Mwalimu Mkuu alishusha mkoba begani. Aliuliza kinyesi cha nani, kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza nani amevunja kioo. Mumewe akaeleza kwamba ni cha binadamu: bomba la majitaka limepasuka jirani na bomba linalojaza Tangi la Juu, na kila wiki sampuli zinatoka na hesabu kubwa kuliko wiki iliyopita. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, akitaja hata aina ya lishe iliyotumika maabara kuotesha vijidudu hivyo. Alipomaliza alionekana ameridhika.

"Shule yangu inakunywa Tangi la Juu," mkewe alisema.

"Najua. Ndiyo maana nawasilisha kesho. Bodi ikiona, tangi linafungwa. Jumatatu mnafungua shule, bomba litakuwa kavu na gari la maji litakuwa getini."

"Na kwa nini mstari ni wa kijani?"

"Ni rangi ya shirika."

Mama yake aliuliza kama watu wa bodi wanajua kusoma. Mkemia alisema mmoja ni profesa. Mama akasema hakuuliza hilo.

*

Habari ya rangi inahitaji maelezo, kwa kuwa hakuna shirika jingine ambalo lingeweza kufika hapo kwa njia hiyo. Meneja Mkuu aliyepita aliwahi kuwaonesha wageni wakubwa mchoro wa upotevu wa maji uliokuwa na nguzo nyekundu. Wageni waliuliza kulikoni. Miezi michache baadaye aliombwa apumzike, na aliyekuja baada yake akahitimisha kwamba kilichomponza mwenzake hakikuwa maji yaliyopotea bali nyekundu. Tangu siku hiyo nyekundu ikapigwa marufuku katika slaidi za shirika. Zilibaki kijani, bluu na nyeupe. Deni lilikuwa la kijani. Mgao wa maji ulikuwa wa bluu. Ajali za kazini zilioneshwa kwa nyeupe juu ya nyeupe, na hakuna aliyelalamika kuwa hazionekani.

Kusimamia hayo yote aliajiriwa Mshauri wa Mawasilisho, kijana mtanashati mwenye suti ya vipande vitatu na tabia ya kuwaita wahandisi "marafiki zangu". Aliendesha semina kwenye ukumbi wa mikutano, akafundisha kwamba watu hawakumbuki takwimu, wanakumbuka hisia. Alifundisha namna ya kusimama, mahali pa kuweka mikono, na wakati wa kutabasamu. Slaidi moja, alisema, isizidi maneno sita. Habari mbaya isiitwe mbaya, iitwe fursa. Hakuna slaidi iliyoingia ukumbini bila saini yake.

Mkemia alikuwa ameanza na slaidi moja tu. Iliandikwa kwa herufi nene: Kinyesi kimeingia Tangi la Juu. Lifungwe. Alipoipeleka kwa Mshauri alimwonesha kwamba maneno ni sita kamili. Mshauri alihesabu kwa kidole, akakubali kwamba ni sita, lakini akasema si sita aliyokuwa nayo akilini. Neno la kwanza alilifuta hapo hapo. Neno la mwisho alisema lina harufu ya amri, na bodi haiamrishwi. Katika yaliyobaki aliacha Tangi la Juu tu, akaliongezea safari: Tulikotoka, Tulipo, Tuendako.

Mkemia alikuwa mtu wa vipimo na aliamini kwamba mchoro wenye mihimili iliyoandikwa vizuri hauwezi kusomwa vibaya na mtu mwenye akili timamu. Mhimili wa wima aliuandika mwenyewe, kwa herufi ndogo kama mwongozo ulivyotaka: idadi ya vijidudu kwa kila mililita mia. Mshauri akayazungusha maandishi hayo yalale ubavu ili yasisumbue macho.

*

Ukumbi wa bodi ulikuwa na meza ndefu yenye umbo la yai, viti vya ngozi na chupa za maji ya dukani mbele ya kila mjumbe. Mkemia aliwekwa baada ya taarifa ya magari na kabla ya chai. Mshauri alisimama kando ya swichi ya taa. Meneja Mkuu alikaa mkono wa kulia wa Mwenyekiti, kalamu mkononi, tayari kuandika lolote ambalo Mwenyekiti angeliitikia kwa kichwa.

Mkemia alianza na tabasamu, kama alivyofundishwa. Akaonesha kiganja. Akasimulia, kama alivyofundishwa, kisa cha utotoni alipochota maji mtoni. Kisa hakikuwa cha kweli, alikulia ghorofa ya tatu, lakini Mshauri alisema mto unafungua mioyo. Wajumbe wawili waliweka simu chini. Kisha akabonyeza rimoti, na mstari wa kijani ukajitokeza taratibu kutoka kushoto, kwa mbwembwe alizoongezewa na Mshauri bila yeye kujua, ukapanda, ukapanda, na ulipofika juu kabisa ukatoa nyota ndogo.

Mwenyekiti alipiga makofi.

Hakupiga kwa dhihaka. Alikuwa mzee mwenye adabu, aliyekaa kwenye bodi nyingi, na kwa uzoefu wake mstari wa kijani unaopanda ni jambo la kushukuru. Profesa akamfuata, kisha wengine. Meneja Mkuu alichelewa kidogo. Aliutazama mstari, akamtazama Mkemia, akautazama tena mstari, kisha naye akapiga makofi, na akapiga kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Mkemia alisema, "naomba nifafanue. Mstari huu..."

"Usijishushe, kijana. Kazi nzuri inajieleza yenyewe."

"Mheshimiwa, kupanda kwake si..."

Mshauri aliinua kadi ya bluu iliyoandikwa kwamba muda umekwisha. Mlango ulifunguliwa, toroli la chai likaingia, na baada ya hapo hakuna sauti ya mtu iliyoweza kushindana na vikombe. Mkemia alibaki amesimama mbele ya mstari wake, nyota ikiwakawaka begani mwake. Angeweza kupaza sauti. Kwenye semina walifundishwa namna ya kuishusha sauti, namna ya kuituliza na namna ya kuipa joto. Kuipaza hakukuwa kwenye ratiba. Alikusanya nyaya zake.

Kabla ya kufunga kikao, bodi ilipitisha azimio. Mkemia alipongezwa kwa wasilisho bora la robo mwaka. Aidha, Menejimenti iliagizwa kuhakikisha kwamba mafanikio ya Tangi la Juu yanaigwa katika matangi mengine yote.

*

Alifika nyumbani na chupa ya chuma yenye nembo ya shirika, zawadi ya wasilisho bora. Mkewe alimuuliza kama tangi limefungwa. Alijibu kwamba mambo yamekwenda vizuri kwa namna fulani. Mkewe alirudia swali, na safari hii akaweka mwiko chini.

Ilibidi aseme yote. Aliyasema akiwa amekaa mkao wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini, na kila alipofika kwenye neno gumu alilizunguka, akaita kelele za makofi "mapokezi" na azimio la bodi "mwelekeo". Mkewe hakumkatiza. Mama yake ndiye aliyemkatiza.

"Ngoja kwanza, mwanangu, nipate kuandika akilini. Umewaonesha mavi, wakakupigia makofi?"

"Hawakujua kuwa ni..."

"Na sasa wanataka yafike na kwa wengine?"

Mama alisema kwamba katika miaka yake yote mahakamani hakuwahi kumsikia hakimu akimwambia mshtakiwa kuhusu alikotoka, alipo na aendako. Anasema miaka saba, na mshtakiwa anaelewa, hata awe kiziwi. Kisha akamwomba mkwewe amwongezee chai, akauliza kwa upole kama maji yake yamechemshwa au yamepongezwa.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alisema kwamba yeye atayafunga mabomba ya shule Jumatatu, hilo liko ndani ya uwezo wake. Lakini shule ni uwanja mmoja. Hao watoto wakitoka pale wanakwenda kunywa makwao, na makwao ni Tangi la Juu lile lile. Wazazi watakuwa na kikao asubuhi hiyo, kama kila muhula unapofunguliwa. Watamuuliza kwa nini mabomba yamefungwa.

"Nikiwaambia mimi, kesho yake shirika litasema mwalimu anaeneza uvumi. Mimi si mtaalamu wa maji. Mtaalamu ninaye, nalala naye."

"Nipe kesho niende kwa Meneja," mumewe alisema. "Hili ni kosa la kuelewana tu. Nikimweleza ana kwa ana, jioni tangi limefungwa."

"Nimekupa Jumatano. Nimekupa na Alhamisi." Aliurudisha mwiko sufuriani. "Kesho ni ya mwisho."

*

Meneja Mkuu alimpokea vizuri, akamwambia akae, akafunga mlango. Mkemia alieleza kwa haraka, bila slaidi, na alipofika kwenye neno kinyesi Meneja aliinua mkono.

"Nilijua, bwana. Mimi ni mhandisi. Niliusoma ule mhimili."

Mkemia aliuliza kwa nini basi alipiga makofi.

Meneja alisema hana ubaya na mtu. Alisema alipowaona wakubwa wamefurahi, aliona si wakati mwafaka. Bodi ikishapiga makofi yameingia kwenye kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu zinarekebishwa na kikao kinachofuata, ambacho ni robo mwaka ijayo. Mkemia anaweza kuomba nafasi. Fomu iko kwa katibu, na slaidi zipitie kwa Mshauri kama kawaida. Wakati huohuo mafundi watatafuta ule ufa kimyakimya, fungu likipatikana. Kulifunga tangi sasa hivi, wakati bodi imeagiza liigwe, ni kumfanya Mwenyekiti aonekane hajui anachokipigia makofi.

"Na watu wanaokunywa?"

"Hivi kuna mtu siku hizi anakunywa maji ya bomba bila kuchemsha?" Meneja aliuliza, na alionekana anataka kweli kujua. Kisha akamshika bega, akamwambia kwamba jina lake limetajwa kwa nafasi ya Mkuu wa Ubora, na kwamba wiki mbili za utulivu hazijawahi kumdhuru mtu anayesubiri barua.

Mkemia alirudi nyumbani kwa miguu. Alipita kwenye kioski cha maji cha mtaani ambako watu walipanga ndoo, na fundi cherehani wa pale jirani, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, alimsalimia na kumpa pole ya kazi. Mkemia aliitikia, akatazama ndoo, akaendelea na safari. Jioni alimwambia mkewe kuhusu robo mwaka ijayo na hakumwambia kuhusu nafasi ya Mkuu wa Ubora. Mkewe aliitikia kwa kichwa, akaenda kuandika ratiba ya kikao cha wazazi. Kipengele cha pili kilisomeka: Hali ya maji, Mkemia wa shirika.

Mumewe aliposoma hakubisha. Alichouliza ni kama ukumbi wa shule una skrini.

Jumamosi na Jumapili alitengeneza slaidi. Mama yake alipita nyuma yake mara kadhaa na kuhesabu kwa sauti, mpaka akachoka kuhesabu. Mkemia alikuwa amelirudisha neno kinyesi, lakini lilikuwa kwenye slaidi ya kumi na nne, baada ya historia ya shirika, mzunguko wa maji duniani na ramani. Alieleza kwamba wazazi wanahitaji muktadha. Rangi aliziacha za shirika, ili asije akasemwa kwamba ametumia nyenzo zisizoidhinishwa. Nafasi ya Mkuu wa Ubora haikuwa imetajwa popote katika slaidi hizo, lakini mtu aliyeijua angeiona katika kila moja.

*

Ukumbi wa shule ulikuwa banda refu lenye madirisha mapana pande zote mbili na bila pazia hata moja. Jua la asubuhi liliingia kwa upande wa mashariki na kulala juu ya kitambaa cheupe ambacho Mkemia alikuwa amekitundika ubaoni. Wazazi walijaa mabenchi. Waliochelewa walisimama nyuma na wengine nje, wameegemea madirisha. Kila aliyeingia alikuwa ameshayaona mabomba ya uani yamefungwa kwa waya, na kila mmoja alikuwa na swali lake mdomoni.

Mwalimu Mkuu alifungua kikao kwa maneno machache, akasema mabomba ameyafunga yeye na sababu itatolewa na mtaalamu. Hakusema mtaalamu ni mume wake. Haikuwa lazima, mtaa mzima ulijua.

Mkemia aliwasha projekta. Juu ya kitambaa kilitokea kivuli hafifu, kama doa la maji lililokauka. Aliongeza mwanga mpaka mwisho. Doa likabaki doa. Basi akafanya alichozoea: akawageuzia watu mgongo, akakikabili kitambaa, na kwa kuwa yeye alijua kilichoandikwa hata kama hakionekani, akaanza kusoma.

Alisoma mwaka shirika lilipoanzishwa. Akabonyeza. Alisoma namna mvuke unavyopanda kutoka baharini na kuwa mawingu. Mtoto mchanga alianza kulia, akatolewa nje. Akabonyeza. Mabenchi ya nyuma yalianza mazungumzo yao, kwanza ya chini, kisha ya kawaida. Mzee mmoja aliuliza jirani yake kama huyu ndiye atakayechimba kisima. Mkemia alikuwa amefika kwenye ramani, akionesha kwa kidole kona ya kitambaa ambayo haikuwa na kitu, fundi cherehani aliposimama.

"Samahani, Mwalimu. Sisi huku hatuoni kitu chochote. Huyo baba anasomea ukuta?"

Watu walicheka. Mkemia alisema, bila kugeuka, kwamba zimebaki slaidi chache kufika kwenye jambo lenyewe.

Mwalimu Mkuu alitembea kando ya ukumbi, taratibu, kama anayekagua mtihani. Alipofika kwenye projekta alichomoa waya ukutani. Feni ya mashine ilivuma kidogo, ikanyamaza.

"Wageuzie uso," alimwambia mumewe. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kulikuwa kumetulia, na walisikia hadi dirishani.

Mkemia aligeuka. Mkono mmoja ulikuwa bado na rimoti. Alibonyeza mara moja kwa mazoea, hakuna kilichotokea. Alitafuta mahali pa kuweka mikono, akaishia kuiacha ilivyo.

"Maji ya Tangi la Juu yana kinyesi cha binadamu," alisema. "Bomba la majitaka limepasuka, linavujia ndani. Msinywe, msioshee matunda, msimpe mtoto, bila kuchemsha. Tangi linatakiwa kufungwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha fundi cherehani, ambaye hakuwa amekaa, aliuliza swali ambalo halikuwa na slaidi yake.

"Umejua tangu lini?"

Mkemia alifungua mdomo, na mkewe aliona namna neno "takribani" lilivyokuja na kurudi.

"Tangu mwezi uliopita."

"Na nyumbani kwako mnachemsha?"

"Tunachemsha."

"Mmeanza lini kuchemsha?"

"Mwezi uliopita."

Fundi cherehani alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitambaa na kukuta kimepunjwa. Alisema Ijumaa alimsalimia barabarani, ndoo zake zikiwa zimepangwa pale, naye akaitikia salamu. Alisema mwanawe wa mwisho ameharisha wiki nzima, na alimpa maji mengi, kwa sababu hospitali walimwambia mtoto anayeharisha apewe maji mengi. Hakupandisha sauti. Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu, akamuuliza kama na yeye alijua.

"Kuchemsha nilianza naye, sababu sikuambiwa," Mwalimu Mkuu alijibu. "Sababu nimeijua Jumatano. Nilisubiri bodi."

"Jumatano mpaka leo."

"Ndiyo, mama."

Hapo ndipo kelele zilipoanza, na hazikuwa za upande mmoja. Kuna waliosema mwalimu angalau amefunga mabomba. Kuna waliosema mke na mume ni wamoja, na wanaokunywa ni wengine. Baba mmoja aliondoka na watoto wake wawili akiwashika mikono, akasema atawatafutia shule yenye mkuu anayesema siku ile ile. Mwalimu Mkuu alimwandika katika kichwa chake na kumwacha aende. Mwingine aliuliza tangi liko wapi hasa. Mkemia, aliyekuwa na ramani ya eneo hilo kwenye slaidi ya kumi na moja, alinyoosha mkono kuelekea dirishani. Lilikuwa linaonekana, kijivu, juu ya kilima, mahali lilipokuwa siku zote.

*

Walipanda kwa miguu. Mkemia alitangulia kwa kuwa ndiye aliyejua geti, kisha akapitwa, kisha akawa katikati. Mlinzi aliwaona wanakuja, akapiga simu, akafungua kabla hajajibiwa. Mpimaji maji wa zamu alisema hawezi kufunga koki bila amri ya maandishi. Akaulizwa anakaa wapi. Alikuwa anakaa mtaa ule ule, na ana mke aliyejifungua. Akauliza mbona hajaambiwa na mtu, na wote wakamtazama Mkemia.

Meneja Mkuu alifika akiwa kwenye gari la shirika, pamoja na Mshauri. Mshauri alishuka wa kwanza, akatabasamu, akawaita watu marafiki zake. Mtu mmoja alimwambia arudi ndani ya gari, naye akarudi. Meneja alimsogelea Mkemia na kumuuliza, kwa sauti ya kirafiki kabisa, kama amefikiria vizuri kuhusu ile barua anayoisubiri. Mkemia alisema amefikiria. Meneja akasema basi isisubiriwe tena. Kisha akawageukia watu, akatangaza kwamba shirika, kwa kujali wateja wake, limeamua kulifunga tangi kwa ukaguzi, na akampa mpimaji ishara kwa kidevu.

Koki ilikuwa na kutu. Mpimaji aliizungusha kwa msaada wa wanaume wawili, na mngurumo uliokuwa ukitoka chini ya ardhi ukapungua, ukakatika. Hapakuwa na shangwe. Watu walisimama wakisikiliza, kuhakikisha kwamba umekatika kweli. Mwalimu Mkuu alikuwa pembeni, viatu vimejaa vumbi, anawaeleza wazazi wawili gari la maji litasimama wapi likija, na kwamba kama halitakuja watoto watakuja na chupa za maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani.

Watu wengine walikuwa wanaendelea kupanda kutoka mitaa ya chini, wameshika ndoo, wamesikia nusu ya habari. Walikuwa wanaulizana kama ni sumu, kama ni maiti imepatikana ndani, kama ni mgomo. Fundi cherehani aliwatazama, kisha akamtafuta Mkemia kwa macho mpaka akampata nyuma ya nguzo ya uzio.

"Njoo hapa mbele," alimwambia. "Hawa hawakusikia. Sema tena."

Mkemia alisogea. Alipanda juu ya tofali lililokuwa kando ya geti ili waliokuwa nyuma wamwone, akawatazama, akasema tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akihema, aliuliza wamesema nini.

Akamwambia na yeye.